Betri ya Mama Mdogo

Inspekta hakuwa mwizi. Miaka yake yote ya kazi aliitumia kuwakamata watu waliopanda treni bila tiketi. Jina hilo alipewa na abiria waliojificha chooni, wakafungua mlango na kumkuta anawasubiri, mkono umenyooshwa, uso mkavu. Alipostaafu akawa bibi wa watu, magoti yanamlia kila anapoinuka kitini, lakini jina lilimganda. Kwa hiyo siku alipoiba betri, tena ya mdogo wake wa tumbo moja, hakuuita wizi. Aliuita marekebisho.

Mambo yalianzia kwenye kilima cha kliniki. Inspekta na mdogo wake, ambaye ukoo mzima ulimwita Mama Mdogo, waliishi mtaa mmoja, majengo yanayotazamana. Magoti yaliwakataa wote karibu kwa pamoja, wakaandikiwa mazoezi ya viungo asubuhi za siku za kazi. Watoto wao wakawanunulia skuta za umeme za magurudumu matatu, zenye kiti, kikapu mbele na honi inayolia kama bata aliyekanyagwa mkia. Kliniki ilikuwa juu ya kilima, na ndani yake kulikuwa na baiskeli za mazoezi zisizokwenda popote, zote zimeelekezwa ukutani isipokuwa moja tu. Hiyo moja ilikuwa dirishani. Ukiipanda uliona mtaa mzima: wanaogombana kituo cha basi, wanaoshikana mikono wakidhani hawaonekani, nani katoka duka la dawa kaficha kifurushi kwapani. Anayefika kwanza ndiye anayeipata. Mtaalamu wa mazoezi, kijana mrefu waliyembatiza Mnyooshaji, alikataa katakata kuweka zamu. Alisema kugombea kidogo kunachangamsha damu.

Sasa, betri zilizokuja na skuta zile zilikuwa za zamani, nzito kama jiwe la msingi, na hazikupitisha mwaka. Hapo ndipo alipoingia Fundi.

Fundi alikuwa mke wa mwana wa Inspekta, na alikuwa na karakana ya betri chini ya jengo la mama mkwe wake. Humo mlikuwa na maboksi ya seli za lithiamu za mviringo, nene kidogo kuliko kidole gumba, mashine ya kuchomelea inayolia tik na kutoa cheche moja tu, na ndoo ya mchanga mlangoni ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuisogeza. Inspekta alishuka ngazi akiegemea fimbo, akaketi kwenye kiti cha wateja, akatoa maagizo.

"Nataka ikimbie, iende mbali, ijae upesi, iwe nyepesi niweze kupanda nayo ngazi, na idumu mpaka mnizike."

Fundi alivuta boksi la seli. Mama mkwe hakataliwi hivi hivi, anazungukwa.

"Mama, ngoja nikuoneshe kitu." Akapanga seli mbili mezani, zimefanana kama mapacha. "Ndani ya hizi kuna ukanda umekunjwa, umepakwa dawa. Hii imepakwa dawa nene. Inabeba umeme mwingi, lakini unatoka kwa taabu. Ukiulazimisha, seli inapata joto na kuzeeka kabla ya wakati. Hii nyingine imepakwa dawa nyembamba. Umeme unaingia na kutoka fasta, ila wenyewe si mwingi. Moja ni mtungi wenye mdomo mdogo. Nyingine ni bakuli."

"Basi nipe mtungi wenye mdomo mkubwa."

"Upo, Mama. Ila hautaenea chini ya kiti, na ngazi hutaziweza nao. Itabidi tuache kitu kimoja."

"Nilipokupa mwanangu," alisema Inspekta, "nilikuambia nimeacha kitu?"

Fundi alicheka mpaka akalaza kichwa mezani, kisha akamuuliza taratibu, akitoka kliniki huwa anakwenda wapi. Inspekta akajisahau, akaanza kuhesabu: sokoni, posta, kwa shoga yake mwenye duka la vitambaa, bustanini kuona kama yule mwanamume mwenye kofia bado analisha njiwa kinyume cha tangazo linalokataza, halafu nyumbani kwa njia ndefu. Hakumaliza kusema, Fundi akawa ameshaivuta seli yenye dawa nene. Akaunda betri ya masafa, akaizungushia utepe wa buluu, akaweka na kifaa cha kuizuia isivutwe kupita kiasi kilimani.

"Hii utaichaji polepole usiku kucha," alisema. "Usiiharakishe. Ukiipenda itakupenda."

Mama Mdogo alikuja siku iliyofuata. Yeye alikuwa msusi zamani, mwenye mikono laini na maneno machache. Akasema safari zake ni kliniki na kurudi kwenye kochi, basi. Fundi akamuundia betri ya dawa nyembamba, akaizungushia utepe mwekundu, akampa na chaja kubwa yenye feni ambayo iliijaza betri kabla chai haijapoa. Maboksi yalikuwa sawasawa kwa umbo, uzito na plagi. Fundi alifanya hivyo ili asihangaike na vipuri. Baadaye alijuta.

Asubuhi ya kwanza, Inspekta alikuwa katikati ya kilima, skuta inasota kwa heshima zake zote, aliposikia bata akilia nyuma. Mama Mdogo akampita. Hakumpita kwa kumwonea. Alimpita kama mtu anayewahi chungu jikoni, akapunga vidole, akatoweka kwenye kona. Inspekta alipoingia ukumbini, mdogo wake alikuwa dirishani anazungusha pedali, anatazama nje.

"Karibu, Dada. Leo kuna mgambo amelala kituo cha basi."

Inspekta akapanda baiskeli ya ukutani, akatazama rangi.

Kuanzia hapo hakula kwa raha. Alijaribu kutoka mapema, Mama Mdogo naye akatoka mapema. Alitoa vyote vilivyokuwa kikapuni ili kupunguza mzigo. Akaacha mkoba nyumbani, akaacha fimbo, akaacha hata viatu vizito, akapanda kilima na ndala, na bado bata akalia nyuma yake. Alimwendea Fundi kumwomba akiondoe kile kizuizi. Fundi akakataa kwa upole wa hali ya juu.

"Nikikiondoa utapanda kilima vizuri wiki chache, Mama, halafu utakuja hapa na betri imevimba kama maandazi."

"Sasa mwenzangu anapanda vipi?"

"Mama Mdogo amekubali kutokwenda mbali."

Alichosikia Inspekta ni kwamba mwenzake anapanda, basi. Kukubali hakukuwa katika mambo aliyoyapenda.

Siku ya marekebisho, alikuja kliniki na tepe mbili mpya, nyekundu na buluu, zimefichwa ndani ya taulo. Mama Mdogo alikuwa dirishani kama kawaida. Inspekta akamwambia Mnyooshaji tumbo linamsumbua, akatoka. Skuta zilikuwa zimeegeshwa kwenye kibanda kando ya ukuta. Akainua kiti cha yake, akachomoa betri, akainua cha mdogo wake, akachomoa, akazibadilisha. Kisha akabandua tepe na kuzifunga upya, nyekundu kwenye ile ya masafa, buluu kwenye ile ya mbio. Aliyewahi kutambua tiketi za bandia kwa kuzinusa tu alijua vizuri namna ya kutengeneza moja.

Mlinzi wa geti akasogea. "Mama, shikamoo. Kuna tatizo?"

"Marahaba. Nakagua," alijibu Inspekta, bila kuinua macho.

Mlinzi akarudi getini. Sauti ile ilikuwa bado na mamlaka ya reli nzima.

Mpango ulikuwa wa kesho: kumpita mdogo wake kilimani, ampigie bata, apunge vidole. Lakini kipindi kilipokwisha, Inspekta aliwasha skuta, akagusa tu mshiko wa mwendo, na ile skuta ikaruka kama iliyofinywa. Akasahau kesho. Akateremka, akakata kona ya posta hadi kikapu kikayumba, akafika sokoni wauza nyanya wakiwa bado wanapanga. Akaenda kwa shoga yake wa vitambaa, akakataa kukaa, akaondoka ili tu aondoke tena kwa kasi. Alipita bustanini, mwenye kofia akashtuka na njiwa wake wote wakapaa. Siku nyingi hakuwa amejisikia hivyo, upepo masikioni, watu wanamkodolea macho. Kipimo cha chaji hakukitazama hata mara moja. Kwa betri aliyoizoea, hakukuwa na haja.

Ilimzimikia juu ya daraja, pale linapoanza kupanda. Haikukoroma wala kuonya sana. Ilipunguza mwendo, ikatoa mlio mmoja mwembamba, ikanyamaza. Nyuma yake kulikuwa na mwuza magodoro na mkokoteni uliojaa mpaka juu, na nyuma ya magodoro, magari.

"Bibi, sogea," alisema mwuza magodoro.

"Ningeweza ningekuwa nimesogea."

Akamsukuma kwa tumbo la mkokoteni hadi pembeni, Inspekta ameshika usukani wima kama malkia, honi za magari zinamsindikiza. Akampigia Fundi simu.

"Betri uliyonipa ni mbovu. Imezima darajani."

"Darajani?" Fundi alizima mashine yake. "Mama, ya buluu haiwezi kuzima hapo hata ungezunguka mji mzima. Hebu angalia utepe."

"Wa buluu."

"Chini ya boksi kuna mhuri wangu. Nimepiga samaki kwenye ya masafa, mshale kwenye ya mbio. Unaona nini?"

Inspekta akachungulia. Alitazama magari, alitazama maji chini ya daraja, akatafuta namna.

"Ni samaki mwembamba sana," alisema.

Fundi hakucheka. Sauti yake ilibadilika, ikawa ya kazini. "Mama, nisikilize. Kama mshale uko kwako, samaki yuko kwa Mama Mdogo, na ana utepe mwekundu. Mama Mdogo akifika nyumbani ataitundika kwenye ile chaja kubwa. Ile chaja inasukuma umeme kwa nguvu. Ya masafa haiwezi kumeza vile. Nimeweka kinga ndani, lakini kinga ni kinga. Sitaki ijaribiwe sebuleni kwa mtu aliyelala kwenye kochi."

Inspekta akakata simu hapo hapo. Akapiga simu kwa mdogo wake. Ikaita, ikaita, ikakatika. Akapiga tena. Fundi alipofika na kigari chake cha kubebea mizigo, wakapakia skuta kwa msaada wa mwuza magodoro, na njia nzima Inspekta hakusema neno isipokuwa kumwambia mkwe wake apite kushoto, apite kulia, mpite huyu, unamngoja nani. Kichwani mwake alimwona Mama Mdogo akiwa mtoto, analala popote pale, kwenye benchi, kwenye gunia, usingizi mzito ambao hata radi haikuuvunja.

Walipanda ngazi za jengo la Mama Mdogo, Fundi mbele na mfuko wa mchanga begani, Inspekta nyuma ameshika chuma cha ngazi kwa mikono miwili. Mlango ulikuwa umefungwa. Fundi akaweka kiganja kwenye mbao, akanusa kwenye tundu la kitasa. Hakuna moshi wala harufu. Jirani akatoa kichwa, amevaa rola za nywele.

"Mnamtafuta msusi? Hajarudi tangu asubuhi."

"Hajarudi kutoka kliniki?" aliuliza Inspekta. "Yeye haendi popote."

"Ndio nashangaa na mimi."

Fundi alitua mfuko wa mchanga, akashusha pumzi. Kama betri haikuwa kwenye chaja, hatari haikuwepo. Lakini Inspekta sasa alikuwa na hofu mpya, kubwa kuliko ya kwanza. Mdogo wake alikuwa wapi, na simu haipokei, na skuta ina betri asiyoijua? Akaketi kwenye ngazi. Fundi akaketi kando yake. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe, alimwona mama mkwe wake anajifuta macho, akajifanya anakagua vifungo vya mfuko.

"Niliitaka ile baiskeli tu," alisema Inspekta. "Unaona mtaa wote."

"Najua, Mama."

"Usimwambie mume wako."

"Sitamwambia."

Walikaa pale hadi kivuli cha jengo la pili kikavuka barabara. Ndipo wakasikia bata akilia chini, kilio kifupi cha kuchangamka. Mama Mdogo aliingia uani pole pole, nywele zimesukwa upya kwa mtindo wa zamani, kikapu kimejaa maranda ya mbao, juu yake kimelazwa kistuli kidogo kipya. Alikuwa anaimba.

"Ulikuwa wapi?" Inspekta aliuliza akiwa bado juu ya ngazi. Hofu yote iligeuka hasira mdomoni. "Simu hupokei, watu tumekufa kwa wasiwasi."

"Ng'ambo ya mfereji," alisema Mama Mdogo. "Simu niliikalia."

"Ng'ambo ya mfereji kuna nini?"

"Kuna seremala."

Fundi akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. Inspekta alikuwa ameacha mdomo wazi.

"Yule?" alisema hatimaye.

"Yule. Ameshafiwa na mkewe siku nyingi. Amenitumia salamu mara chungu nzima, mimi nikawa naishia kwenye mataa, betri inaniambia rudi." Mama Mdogo akamgeukia Fundi. "Mwanangu, labda hujui. Zamani kuna kijana alikuwa anakuja kuniposa. Dada yangu huyu, maana leo simwiti mama mkwe wako, alimshusha kwenye treni njiani, kituo kisicho na hata taa. Akarudi kwao kwa miguu. Hakuthubutu kuja tena."

"Hakuwa na tiketi," alisema Inspekta.

"Alikuwa na maua."

"Maua si tiketi."

Fundi aliziba mdomo kwa kiganja. Mama Mdogo alishuka kwenye skuta bila haraka, akainua kiti, akachomoa betri, akaibandua utepe mwekundu kwa ukucha. Akaigeuza upande wa mhuri.

"Samaki wako huyu hapa," alisema. "Bado ana chaji ya kutosha. Kwenye chaja yangu nisingemweka, mimi si mjinga."

"Ulijua?" Fundi aliuliza.

"Kibanda cha skuta kiko chini ya dirisha, mwanangu. Siku zote dada yangu anadhani pale dirishani naangalia kituo cha basi. Nilimwona anavyohangaika na tepe zake, ametoa ulimi kama mtoto anayechora. Karibu nianguke baiskelini. Mnyooshaji akaniuliza nacheka nini, nikamwambia ni dawa ya kikohozi."

"Na ukaninyamazia," alisema Inspekta.

"Ulikuwa unanipa betri ya kufika ng'ambo, bure. Ningekuzuia kwa nini? Ningekwenda kumwomba Fundi, angeniuliza nakwenda wapi. Wewe hukuniuliza."

Inspekta alifikiria. Alikuwa ametega mtego kwa ustadi wote, na aliyetegewa alikuwa amepita ndani yake akiwa amebeba kistuli. Kwa miaka yote ya reli hakuna abiria aliyewahi kumfanyia hivyo. Alitaka kukasirika, hasira ikakataa kuja. Badala yake kikaja kicheko, kwanza puani, kisha tumboni, mpaka akashika magoti yake yanayouma. Mama Mdogo akapanda, akaketi ngazi ya chini yake, wakacheka wote wawili, na jirani mwenye rola akafungua mlango kuona nani amefiwa.

Kesho yake Fundi alibadilisha plagi za betri zote mbili, moja ya duara na nyingine bapa, ili hata malaika asiweze kuzichanganya. Kila dada akabaki na ile aliyojipatia. Siku mbili baadaye Inspekta alipanda kilima kama mshale uliopigwa chini ya boksi lake, akafika kwanza, akakaa dirishani. Chini, mdogo wake alitoka uani, akafika njia panda, na badala ya kupinda kwenda kilimani akanyoosha kuelekea mfereji, pole pole.

"Mama Mdogo haonekani," alisema Mnyooshaji, kalamu mkononi. "Akikosa hovyo nitamwondoa kwenye darasa."

"Ana mafua," alisema Inspekta.

"Jana pia alikuwa na mafua?"

"Mafua makali." Akazungusha pedali, uso mkavu, akiwa amempitisha mtu bila tiketi kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Lakini dirishani palikuwa pamepoa. Kumpita mtu ambaye hayupo hakuna ladha, na kwa betri ile bustani ilikuwa mbali, na shoga wa vitambaa alikuwa mbali zaidi. Wiki haikwisha kabla hajashuka karakanani, akaketi kwenye kiti cha wateja.

"Ule mtungi wenye mdomo mkubwa," alisema. "Nitengenezee."

"Utakuwa mzito, Mama. Utakaa kwenye kikapu, na ngazi hautapanda."

"Utalala hapa kwako. Nitaushukia asubuhi."

"Na skuta itakuwa nzito, kwa hiyo kilimani hutampita mtu."

Inspekta alichezea fimbo yake kwa muda. Tik, ikasema mashine ya Fundi.

"Sawa," alisema. "Simpiti mtu."

Jumamosi hiyo walikwenda pamoja ng'ambo ya mfereji, Mama Mdogo mbele kuonesha njia, Inspekta nyuma akilalamika kwamba barabara imezibwa na mtu asiyejua kuendesha. Seremala alitoka nje ya banda lake, vumbi la mbao kwenye nyusi, akamtambua mara moja mwanamke aliyemshusha kwenye treni. Walitazamana. Inspekta hakuomba radhi, hakujua hata inaanzia wapi. Seremala akamsogezea kiti alichokuwa amekimaliza asubuhi hiyo. Inspekta akakitikisa, akapitisha kidole kwenye kila kiungo, akainama kwa shida kuangalia chini yake, kisha akaketi, na akasema kimetengenezwa vizuri.